Kuitaja dhambi kwa jina lake

Kwa miaka mingi sala yangu ya toba kabla ya kulala ilikuwa sentensi moja tu: "Bwana, unisamehe dhambi zangu zote, ninazozijua na nisizozijua, za kuwaza, za kunena na za kutenda." Maneno hayo hayana kasoro, na makanisa mengi hutumia maungamo yanayofanana nayo katika ibada. Kasoro ilikuwa yangu mimi, niliyeyapenda kwa sababu ya upana wake. Yalifunika kila kitu bila kugusa chochote, nami nililala usingizi mzuri nikiamini kwamba nimekwisha kutubu.

Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu kidogo cha maombi. Mwezi mmoja nilibanwa na mahitaji ya nyumbani, nikachukua sehemu ya michango ya wanakikundi nikiwa na uhakika wa kuirudisha mara mshahara utakapoingia. Na kweli niliirudisha yote, wala hakuna aliyepungukiwa hata kidogo. Kilichobaki ni tarehe. Katika daftari nilikuwa nimeandika kwamba fedha zilipelekwa benki tarehe 3, ilhali muhuri wa benki kwenye stakabadhi ulisomeka tarehe 24. Stakabadhi hiyo niliichomeka ndani ya jalada la nyuma, na kila nilipolifungua daftari mbele ya wenzangu, kidole gumba changu kilikuwa kikilibana jalada lile ili isije ikaanguka.

Mbele za Mungu jambo hilo nililiita "mapungufu". Nikiri kwamba silipendi tena neno hili linapotumika katika sala. Pungufu ni kitu kisichofika kipimo, kama gunia lisilojaa, na halina mtendaji. Mimi sikupungukiwa na kitu. Nilichukua fedha zisizo zangu na kuandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Jioni moja kikundi kilisoma habari za Daudi na nabii Nathani katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Nathani anasimulia juu ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, Daudi anawaka hasira na kuapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, ndipo nabii anapomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Tulijadili kwa muda mrefu, na aliyezungumza kuliko wote jioni ile nilikuwa mimi. Nilieleza kwa ufasaha jinsi mtu anavyoweza kuliona kosa la mwingine waziwazi na kulipita lake. Daftari lilikuwa mapajani mwangu.

Sikulala vizuri usiku huo. Baada ya siku mbili nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Mama. Nilianza mbali, kwa kumweleza jinsi mwezi ule ulivyokuwa mgumu, nani aliugua, nani alinidai. Alinisikiliza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hali yako nitaiuliza baadaye. Sema ulichofanya." Nikasema, "Nilichukua fedha za kikundi bila idhini, nikaandika tarehe ya uongo." Ilikuwa sentensi fupi, na ilinitoka kwa shida kuliko maelezo yote yaliyotangulia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Umeshamwambia Mungu?" Nikajibu kwamba nimekuwa nikimwambia kila usiku. "Kwa maneno hayo?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno tunayoyatumia, kwa sababu nimegundua kwamba toba huharibikia katika maneno kabla haijaharibikia mahali pengine. Neno la Kigiriki linalotafsiriwa kuungama katika waraka wa kwanza wa Yohana, 1:9, maana yake ya asili ni kusema neno lile lile, yaani kukubaliana. Anayeungama anaiita dhambi yake jina lile lile ambalo Mungu anaiita. Mungu akisema ni wizi, nami nikasema nilijikopesha, basi bado hatujakubaliana, hata nikitoa machozi. Kutubu nako si kujuta tu. Manabii wa Agano la Kale walitumia neno la Kiebrania lenye maana ya kawaida kabisa ya kurudi, kama mtu anavyogeuka njiani na kushika njia ya nyumbani, na neno la Kigiriki la Agano Jipya linazungumzia kugeuka kwa nia. Majuto yanaweza kumtokea mtu aliyekaa palepale alipokosea.

Kiswahili chetu kina utajiri mkubwa wa njia za kukwepa. Iliyo maarufu kuliko zote ni "shetani alinipitia". Sikatai kwamba shetani yupo na kwamba hushawishi, lakini ukiisoma sura ya tatu ya Mwanzo utaona kwamba utetezi huo ni wa kale sana: Adamu alimtaja mwanamke, tena akaongeza kwamba ni Mungu aliyempa, na mwanamke akamtaja nyoka. Wote wawili walisema jambo la kweli, na hakuna kati yao aliyeungama. Njia ya pili ni "hakuna mkamilifu", ambayo huigawa dhambi yangu kwa wanadamu wote hadi fungu langu linakuwa dogo lisiloonekana. Ya tatu, ambayo naiona kuwa mbaya zaidi kwa sababu inafanana sana na unyenyekevu, ni ile ya kumwendea ndugu na kumwambia, "Kama kuna mahali nimekukwaza, naomba unisamehe." Hilo neno "kama" linamtwika aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumizwa, na wewe unaondoka ukiwa umeomba radhi bila kusema kwamba ulikosa.

Nimewalinganisha mara nyingi wafalme Sauli na Daudi, kwa kuwa wote wawili walitamka kwamba wamefanya dhambi. Sauli, katika sura ya 15 ya kitabu cha kwanza cha Samweli, aliikubali dhambi yake baada ya kubishana, akaongeza kwamba aliwaogopa watu, kisha akamwomba Samweli ampe heshima mbele ya wazee. Jicho lake lilikuwa kwenye jina lake. Dhambi ya Daudi, kwa macho yetu, ilikuwa nzito zaidi, maana alimtwaa mke wa mtu na kupanga kifo cha mumewe. Hata hivyo alipokabiliwa alikubali kwa maneno machache, bila "lakini". Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na siku zile, haianzi kwa kueleza dhambi. Inaanza kwa kumwomba Mungu rehema kulingana na fadhili zake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa uhusiano kati ya kuungama na kumjua Mungu, ambao zamani niliudhani kuwa ni mambo mawili tofauti: kuungama ni kwa ajili ya siku mbaya, kumjua Mungu ni kwa ajili ya kusoma na kusali. Lakini mtu huungama kadiri anavyomjua anayemwungamia. Daudi alithubutu kusema yote kwa sababu alijua Mungu alivyojitangaza kwa Musa katika Kutoka 34:6, kwamba yeye ni mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Mimi nilipokuwa nikisali sala yangu pana, nilikuwa na picha ya Mungu ambaye akijua undani wa jambo atabadilika uso, kana kwamba hakulijua tangu mwanzo. Kwa hiyo nilimficha, na kwa kumficha nikabaki namjua kwa sifa za kusoma tu. Nilijua kwamba ni mwenye rehema kama ninavyojua kwamba bahari ina chumvi, bila kuwahi kuyaonja maji yake.

Yuda na Petro wananifundisha jambo hilo hilo kwa njia ya kutisha. Mathayo, sura ya 27, anasimulia kwamba Yuda alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, akasema wazi kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Kwa vipimo vya nje alifanya yote: majuto, ungamo, malipo. Lakini alikwenda kwa makuhani wakuu na wazee, waliomjibu kwamba hayo hayawahusu, naye akaenda akajinyonga. Petro alimkana Yesu mara 3 na kulia kwa uchungu, na katika mlango wa mwisho wa Injili ya Yohana tunamkuta akijitupa majini kumwendea Yesu aliyesimama ufuoni. Tofauti yao siioni katika ukubwa wa kosa, wala katika wingi wa machozi. Naiona katika upande ambao kila mmoja aligeukia.

Turudi kwenye daftari. Mama alitaka kikundi kizima kiambiwe, nami nilikubali kwa shingo upande. Sheria katika Hesabu 5:6-7 ilimtaka aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe alichochukua, na aongeze sehemu ya tano. Fedha nilikuwa nimesharudisha, lakini niliongeza, kwa kuwa nilitaka kuonja gharama ya jambo nililokuwa naliita dogo. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alikwenda mbali zaidi, akaahidi kurudisha mara 4. Wenzangu walinisamehe jioni ile ile. Uweka hazina waliuondoa kwangu, na wengine walichukua muda mrefu kuniamini tena. Mwanzoni nililiona hilo kama msamaha wa nusu, na nilinung'unika moyoni. Sasa naona walikuwa na haki. Msamaha hutolewa, uaminifu hujengwa upya, na aliyeubomoa hana mamlaka ya kupanga siku ya kukamilika kwake.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, nina mashauri machache tu. Ungama siku ile ile, dhambi ingali na umbo, kwa maana ikikaa wiki nzima akili huwa imeshaitafutia maelezo ya kuridhisha. Sema kitenzi chenye mtendaji: nilidanganya, nilisengenya, nilimdharau. Ikiwa umemkosea mtu, mwendee huyo mtu, maana kumwambia Mungu peke yake kuhusu deni la jirani ni kumlipa asiyekudai. Hata hivyo angalia usimtupie mzigo asioujua. Nilimfahamu mtu aliyemwendea mwenzake kuungama kwamba amemchukia moyoni kwa miaka; yeye aliondoka mwepesi, na mwenzake, ambaye hakuwa na habari, alibaki na jeraha jipya. Chuki ya namna hiyo ipeleke kwa Mungu, na kwa mtu mmoja anayejua kutunza neno.

Mtu huyo mmoja ana umuhimu kuliko wengi wetu tunavyotaka kukubali. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana, na makanisa yamelitimiza agizo hilo kwa njia mbalimbali. Katika Kanisa Katoliki, Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1215 uliagiza kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame kwa padre angalau mara 1 kwa mwaka, na padre anafungwa kabisa na siri ya kitubio, asimwambie yeyote alichoungamiwa. Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya kanisa huko Ujerumani, aliifungua hoja ya kwanza kati ya hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba, na katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, aliacha mahali pa kuungama kwa mchungaji. Wengine huungama kwa rafiki wa kiroho au katika kikundi. Sibishani juu ya utaratibu. Ninachojua ni kwamba nikiwa peke yangu nilijidanganya kwa miezi, na mbele ya mama yule sikuweza kujidanganya hata kwa dakika tano. Ila kuna dhambi ambazo ni uhalifu, hasa zinazomdhuru mtoto au mtu asiye na nguvu, na hizo hazimalizwi kwa maombi ya faragha. Aliyetenda na atoke ajieleze mbele ya sheria, na aliyeumizwa asishinikizwe kunyamaza kwa jina la msamaha.

Wapo pia wanaoteswa na kinyume cha tatizo langu. Hao huchimba mioyo yao kila usiku wakitafuta dhambi iliyosahaulika, wala hawapumziki. Luther mwenyewe, alipokuwa mtawa, alijulikana kwa maungamo marefu yasiyompa amani. Kwa watu wa namna hiyo sala pana niliyoitumia vibaya inaweza kuwa dawa halisi, kwa kuwa inamwachia Mungu yale ambayo kumbukumbu haiyafikii. Kwangu ilikuwa blanketi la kujifunikia.

Sijahitimu katika jambo hili. Juzi nilimjibu mwenzangu wa kazini kwa dharau mbele ya watu, na jioni nikashika simu nikamwandikia: "Samahani kama nimekukwaza leo." Niliitazama ile "kama" kwa muda, nikafuta sentensi yote, nikampigia. Hakupokea. Nikakaa na simu mkononi, nikitamani sana kurudi kwenye ujumbe wa maandishi, kisha nikapiga tena, naye akapokea.