Kwa wapya wa chumba cha hogo

Jumanne iliyopita nilikuwa meza ya pili nikimalizia kumfunga mtoto wa wiki tatu hogo, ile plasta ngumu ya kunyoosha mguu. Nikamsikia mmoja wenu akimwambia mama wa watu kuhusu viatu vya chuma, vile vinavyozuia mguu usirudi kupinda: "Sasa mama, viatu umevileta kwenye mkoba vya nini? Si vinavaliwa miguuni?" Mama akainamisha kichwa, akavuta khanga, akamfunika mtoto miguu. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu kama yalivyo, na najua yalikonipeleka. Nawapenda, wadogo zangu, lakini kwa hili nimechoka. Someni kabla ya kliniki ya miguu kifundo, yaani watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani, wiki hii.

1. Hogo la Ponseti, daktari aliyetuachia njia hii ya kunyoosha mguu bila upasuaji mkubwa, ni refu, kutoka vidoleni hadi kinenani, goti nyuzi 90. La chini ya goti halishiki. Sirudii.

2. Hogo la zamani livuliwe hapahapa, asubuhi hiyohiyo. Mkimwambia mama alivue jana yake nyumbani, mguu unarudi nyuma usiku kucha. Na mtoto anyonye wakati mnafunga. Mtoto mwenye njaa hamumwezi, hata muwe watatu. Nesi aliyenifundisha alikuwa haloweshi bandeji mpaka kwanza amemwimbia mtoto akalegea. Watoto wote wa Jumanne walikuwa wakiijua sauti yake, na mimi hadi leo nikisikia wimbo ule vidole vyangu vinatafuta talasi, ule mfupa wa kifundo juu ya kisigino.

3. Gumba likae juu ya kichwa cha talasi. Likiteleza kwenda mbele ya kisigino upande wa nje, mmekizuia kisigino kugeuka. Ponseti mwenyewe aliliita kosa la Kite, daktari aliyemtangulia. Wala msiusukume mguu kwenda juu kabla haujafunguka nje. Unyayo utavunjika katikati, ubaki umebinuka kama tumbo la mtumbwi. Kama kisigino kimebaki juu, kuna kukata kano ya kisigino, na hogo la mwisho la wiki tatu.

4. Bonyezeni vidole, muone damu ikirudi, kabla mama hajatoka mlangoni. Mwambieni vidole vikizama ndani ya hogo, limeteleza, na arudi siku hiyohiyo, asingoje Jumanne.

5. Viatu. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mtoto wa kiume, miguu yote miwili, Pirani 6 kila upande, yaani alama ya juu kabisa ya kupinda. Tulimfunga hogo sita, akakatwa kano, tukatoa hogo la mwisho, miguu imenyooka vizuri mno. Nikamvalisha viatu vyenye chuma, nikamwambia mama: saa 23 kwa siku, miezi mitatu, kisha usiku na akilala mchana, mpaka afike miaka minne. Wiki iliyofuata alirudi akasema mtoto analia, mikanda inabana. Nikalegeza mkanda wa kati tundu moja. Nilifanya kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilimwumiza mtoto. Mkanda ukilegea kisigino kinapanda, kinateleza, kinasugua. Nilikuwa nalijua hilo, niliandika hata kwenye mtihani.

Mama akaja tena mwezi wa pili, viatu mkobani. Benchi limejaa. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, wiki zote zile umezitupa." Akasema, "Daktari, ila hapa nyuma…" huku mkono wake ukienda kwenye soksi ya mtoto. Sikumwacha amalize. Nikamwita mwingine.

Hakurudi. Na mimi sikupiga simu. Nilimhesabu kwenye orodha ya wazazi wasiofuata maelekezo, nikaendelea.

Alirudi mtoto akiwa na miaka mitatu kasoro, kaletwa na bibi yake. Anatembelea ukingo wa nje wa unyayo, na pale ngozi imekuwa sugu, ngumu kama ya mtu mzima anayelima. Nikamvua soksi. Nyuma ya kisigino, miguu yote miwili, kulikuwa na kovu jeupe la ukubwa wa punje ya hindi. Lilikuwa pale pale kiatu kinaposugua mkanda wa kati ukilegea. Bibi akasema mama yake alikuwa akipaka mafuta ya nazi na kumvalisha tena usiku, analia pamoja na mtoto, mpaka kidonda kilipotoa usaha. Baada ya siku ile ya benchi aliona aibu kurudi.

Hogo nyingine tatu, kisha rufaa akahamishiwe kano ya mbele ya mguu. Anatembea sasa. Lakini ile operesheni ilikuwa ya tundu moja la mkanda na dakika moja ya kusikiliza.

Kwa hiyo mkanda wa kati uwe wa kwanza na ubane. Chungulieni kisigino kimekaa chini. Mwiteni baba, bibi, yeyote anayebaki na mtoto usiku, naye avalishe mbele yenu mara mbili. Andikeni namba mbili za simu kwenye kadi.

6. Yule mama wa Jumanne nimempigia jana. Mwanzo hakupokea. Nikajaribu namba ya mumewe, akampa simu. Anakuja Alhamisi saa mbili asubuhi, nje ya siku ya kliniki. Atakayempokea amkaribishe kiti, kisha amvue mtoto soksi.