Kabla hujalipa ada, panda daladala: jibu kwa mama wa Tabata

Dada, pole, na hongera kwa kuthubutu kuandika. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Kijana ana miaka 4 na nusu, maneno machache aliyokuwa nayo yalipotea akiwa na mwaka na nusu, daktari amesema ni usonji (autism), chekechea ya jirani imemrudisha nyumbani mara ya pili, na mama mkwe anataka apelekwe kijijini kwa mtu "anayejua mambo hayo". Unauliza umpeleke shule ya kulipia au kitengo cha serikali, yaani darasa la elimu maalum ndani ya shule ya msingi.

Mimi ni baba. Wangu ana miaka 13 sasa, hapa nitamwita Chidi. Miaka 9 iliyopita niliuliza swali hilohilo nikajijibu vibaya, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kabla hujaamua shule ipi, toka kwako Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi, panda gari mpaka hapo shuleni ukiwa na mtoto. Mkifika getini mwangalie. Hivyo alivyofika ndivyo mwalimu atakavyokabidhiwa kila siku ya Mungu.

Sisi tulikuwa tunakaa Kimara. Tukapata shule ya kulipia upande mwingine kabisa wa jiji, siitaji, ina bembea na ukuta umechorwa twiga. Tukakopa kwenye kikoba tukalipa muhula mzima. Safari yenyewe: mwendokasi, halafu daladala, halafu miguu. Mke wangu ndiye aliyempeleka. Kituo cha Kimara asubuhi unakijua. Watu wamebanana, mlango unalia, mtu anaongea na simu juu ya kichwa chako, jasho na manukato kwa pamoja. Chidi alianza kuziba masikio kabla hata basi halijaondoka, wakifika Ubungo anapiga mayowe, wakishuka mkono wake una alama za meno yake mwenyewe. Abiria nao hawakunyamaza. "Mama, huyo mtoto hajafundwa." "Mpe kofi moja tu atatulia." Kuna mmoja alianza kumwombea kwa sauti ya juu, na sauti ndiyo iliyokuwa inamuumiza.

Wiki ya sita shule ikapiga simu: mtoto anang'ata wenzake, hatumuwezi. Ada haikurudi.

Jumamosi moja shemeji yangu akatupeleka na gari lake kuchukua begi na madaftari. Vioo juu, redio kimya. Chidi akaingia darasani, akakaa kwenye kiti chake, akapanga vizibo vya soda karibu saa nzima. Mwalimu aliyetupokea akabaki ameduwaa, huyu ndiye yule? Tukiwa njiani kurudi mke wangu akasema, "Baba Chidi, hakushindwa na shule huyu. Alishindwa na njia."

Baadaye mtaalamu mmoja alitueleza vizuri. Wewe na mimi tukiwa Kariakoo, kichwa kinachuja: honi, spika ya muuza sumu ya panya, mkokoteni, vyote vinasogezwa pembeni ili nisikie unachoniambia. Watoto wengi wenye usonji hawana chujio hilo, au lao linapitisha kila kitu kwa nguvu ileile. Ukijumlisha saa moja na nusu ya hivyo, mtoto analipuka. Nami nilichukua muda mrefu kutofautisha mlipuko na ukaidi. Mkaidi anakuchungulia kama unamwona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Aliyelipuka hamchungulii mtu, na hata ukimpa duka zima haachi mpaka nguvu ziishe. Wa kwanza unaweza kumwekea mpaka. Wa pili unamtoa kwenye kelele, unakaa karibu, unafunga mdomo wako. Kiboko hapo ni kuongeza kuni.

Tukahama. Tukaacha nyumba yenye uwanja Kimara tukachukua vyumba viwili Ilala, kwa kodi ileile, ndugu wakatucheka. Kutoka mlangoni mpaka kitengo ni dakika 15 kwa miguu, njia ileile, upande uleule wa barabara, tunapita kwa mama yuleyule wa vitumbua. Siku moja walichimba mtaro wa maji, ikabidi tuzunguke mtaa wa pili. Chidi alikaa chini katikati ya vumbi akagoma mpaka saa 4. Tangu hapo kila Jumapili jioni naipita njia mwenyewe kuangalia kama kuna shimo jipya. Ukishakuwa mzazi wa hawa watoto unakuwa mkaguzi wa barabara bila mshahara.

Sitasema kila mtu ahame. Nasema dakika za njiani zihesabu kama sehemu ya ada.

Sasa kitengo. Tabata iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala kabla ya mwaka 2021. Ulizia ofisi ya elimu msingi, kisha afisa wa elimu maalum. Yeye ndiye anayejua vitengo vyote vya eneo lako, kipi kina nafasi, na mtoto anapimwa wapi kabla ya kupangiwa. Usianze kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, atakwambia kumejaa na utaamini. Shule kama Msimbazi Mseto na Uhuru Mchanganyiko zina historia ya kupokea watoto wenye mahitaji maalum, zitembelee uone kwa macho yako. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini jiandae na michango ya chakula na nauli. Na ukikutana na ofisa anayekuzungusha, mtajie kwa upole Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wengine. Sheria haijawahi kumfungulia mtu geti peke yake, ila nimeona mtu akivuta kiti baada ya kuisikia.

Ukifika kwenye kitengo usiangalie rangi ya ukuta. Omba kukaa nyuma ya darasa nusu siku. Mtoto akipiga kelele, mwalimu anapandisha sauti au anashusha? Mlango wa nje unafungwa? Choo kiko mbali kiasi gani, nani anawasindikiza? Wakati wa mapumziko wanachanganyika na watoto wa madarasa ya kawaida au wanafungiwa? Mwalimu wa kwanza wa Chidi alisomea Patandi kule Arusha, chuo cha ualimu wa elimu maalum, na yule mama alikuwa na watoto wengi kuliko mikono yake lakini hakupandisha sauti hata siku moja. Baada ya miaka 2 akahamishwa. Hakuna aliyetuambia. Chidi alirudi kujikojolea miezi miwili. Kwa hiyo jenga ukaribu na mwalimu mpaka akikaribia kuhama akupigie, na mwalimu mpya akija omba picha yake, mwonyeshe mtoto nyumbani kabla hawajaonana.

Shule za kulipia sizipingi, zipo nzuri. Angalizo langu ni lugha. Ile ya kwetu ilifundisha Kiingereza tupu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, bibi yake anaongea Kiswahili na Kizaramo. Mtoto asiye na maneno 10 akawa anafundishwa maneno ambayo hakuna mtu wa nyumbani anayemjibu nayo. Lugha mbili hazisababishi usonji, wala hakuna aliyenionyesha kwamba zinauzidisha. Lakini neno la kwanza la mtoto lazima lifanye kazi jikoni kwake.

Hapo ndipo pa kazi yako kubwa wakati unasubiri nafasi. Sisi tulishughulika na vitu vitatu: kuomba, choo, na kukaa dakika 5.

Kuomba tulianza kwa picha. Si za kupakua kwenye simu. Nilipiga picha kikombe chake cha bluu, sahani yake, ndoo yake ya kuogea, chapati ya mama yake, nikapeleka stesheneri zikachapwa na kuwekewa nailoni ngumu, nikazibandika chini ukutani anapofikia. Wiki tatu hakuzigusa. Halafu usiku mmoja, saa 3 na nusu, umeme umekatika, akaja na picha ya chapati akaniwekea mkononi. Unga hatukuwa nao. Mke wangu akajifunga khanga akatoka, akagonga kwa mama ntilie aliyekuwa ameshafunga, akarudi na moja imepoa. Angeweza kumwambia kesho. Lakini picha ya kwanza ikikosa majibu, mtoto anajifunza kwamba picha ni uongo kama maneno. Siku ya pili alileta picha 6.

Choo kilichukua miezi saba. Nitaruka maelezo, ila jua kwamba alichokuwa anaogopa ni lile shimo, tukaanza na ndoo.

Kuhusu mama mkwe. Nisikufiche, na sisi tulikwenda. Tulilipa, tukafukiziwa, moshi ukamfanya Chidi atapike, na mganga akasema hiyo ndiyo dalili inatoka. Usonji hautoki kwa moshi wala kwa kufungiwa kwenye maombi ya siku tatu. Daktari mmoja wa Marekani, jina lake Leo Kanner, alipouandika usonji mwaka 1943, kwa watoto 11, haukupita muda wakubwa wa fani wakaanza kusema mama wa watoto hawa ni baridi, hawakuwapenda vya kutosha. Miaka mingi akina mama Marekani na Ulaya walibebeshwa mzigo huo, na ulikuwa uongo. Kumbe maneno ya "umemdekeza" yana ndugu zao huko pia. Chanzo kikubwa ni cha kurithi na jinsi ubongo ulivyojengeka tangu tumboni. Na chanjo mmalizie zote: ile makala ya mwaka 1998 ya daktari Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Ukiuziwa mtandaoni matone ya "kusafisha usonji" kaa nayo mbali, mengine ni dawa ya kufulia nguo nyeupe iliyopewa jina tamu.

Mama mkwe usimshinde kwa hoja, mpe kazi. Bibi yake Chidi tulimkabidhi zile picha. Sasa hivi ukimpa mtoto maji bila yeye kuleta picha, bibi anakugombeza.

Hospitali bado unaihitaji, lakini kwa mambo yenye mipaka. Masikio yamepimwa kwa kipimo? Usikubali "anasikia, anageuka akiitwa". Akianza kuzubaa ghafla macho yakiwa yamekodoa, au kuanguka, nenda haraka, maana kifafa kinawapata hawa watoto zaidi ya wengine. Ukipata mtaalamu wa mazoezi ya mikono, mlo na mwili, hata kwenda mara moja kwa mwezi kunasaidia kama unamwomba akufundishe wewe cha kufanya nyumbani.

Kutoroka, hili nisilisahau. Wengi wao wanavutwa na maji, na Dar ni mitaro na visima, masika ndiyo usiseme. Chidi alipotea saa tatu akiwa na miaka 6. Walimkuta vijana wa bodaboda amekaa pembeni ya karo la kuoshea magari anaangalia maji. Kesho yake nilimpeleka kijiweni nikamtambulisha kama mgeni rasmi: huyu haongei, mkimwona peke yake mshikeni mnipigie. Namba yangu imeshonwa ndani ya kola ya kila shati. Mjumbe anamjua, muuza duka anamjua. Kumficha ndani kwa aibu kungekuwa hatari kuliko mtaro.

Bado yuko kitengo. Hatafanya mtihani wa darasa la saba, hilo tulishalimeza. Anaandika jina lake, anaosha vyombo vikang'aa kuliko mimi, anasoma vibao vya daladala vyote vya Buguruni. Maneno anayo kama 40. La kwanza kabisa kulisema kwa maana lilitoka kwenye ile safari iliyotuangusha. Tulikuwa foleni ya kliniki, joto, watoto wanalia, namwona ameanza kuziba masikio. Akanivuta shati akasema, kwa sauti ya abiria kabisa: "Shusha!" Watu wakacheka. Mimi nikambeba nikatoka naye nje mpaka kwenye mwembe. Mpaka leo kitu kikimzidi, iwe harusi, iwe kinyozi, iwe wali wenye nazi nyingi, anasema shusha, na sisi tunashusha.

Jumanne beba cheti cha kuzaliwa, karatasi ya daktari na picha ndogo mbili, uwe ofisi ya elimu saa 2 kamili kabla hawajaingia vikaoni. Hujasema ni Tabata ipi. Kama ni Kimanga au Segerea, niambie hapa, maana asubuhi gari zake zinajaa tofauti, nitakwambia upandie wapi mpate kukaa dirishani.