Palsi ya muda sahihi: prosesa muondolee kazi ya saa

Wakuu, kuna vijana hapa Moshi wananifuata sana na hii ishu ya kupiga palsi (umeme unaowaka na kuzima kwa muda mfupi) kwa muda sahihi, na karibu wote wanakuja na programu ya aina moja: sensa ikiona kitu, programu inalala milisekunde kadhaa, ikiamka inawasha pini (mguu wa kutolea umeme). Mezani inakubali vizuri tu, ukiipeleka kwenye mashine inaanza vituko, basi mtu anaanza kutafuta kompyuta yenye kasi zaidi wakati kasi wala sio tatizo.

Tuchukue kazi ya huku kwetu, kuchambua kahawa. Punje inadondoka, sensa iko sentimita 30 chini ya ilipoanzia, nozeli ya upepo, inayopuliza punje mbovu itoke njiani, iko sentimita 45. Piga hesabu ya kudondoka, utaona punje inatumia kama milisekunde 55 na nusu kutoka kwa sensa hadi kwa nozeli, na ikifika pale inakimbia karibu mita 3 kwa sekunde. Yaani ukichelewa milisekunde 1 tu imeshapita milimita 3, na punje yenyewe ina urefu wa kama sentimita 1. Sasa Windows kwa kawaida saa yake ya ndani inagonga kila milisekunde 15.6, kwa hiyo uki­iambia ilale 1 inaweza ikaamka baada ya 15, na hapo punje mbovu imeshashuka karibu sentimita 5 zaidi, upepo unampiga asiye na hatia.

Utaniambia kwa wastani inapatia. Sawa, hata Kosta ya Arusha kwa wastani inawahi, ila kama una miadi saa nne kamili huo wastani utaupeleka wapi? Mfumo wa wakati halisi, yaani unaotakiwa kujibu ndani ya muda uliopangwa, unapimwa kwa siku yake mbaya. Ndio, kuna PREEMPT_RT (sehemu ya Linux ya kuifanya ijibu kwa wakati), imeingia rasmi kwenye Linux 6.12 mwaka 2024 na inasaidia kweli, lakini bado ni programu inayopanga foleni ya prosesa, ukitaka usahihi wa chini ya maikrosekunde hapo sio mahali pake.

Kazi hiyo mpe kaunta, yaani saketi ya kuhesabu mapigo. Kadi nyingi za kukusanya data (zile za kuunganisha sensa na kompyuta) zina kaunta za biti 32 zinazohesabu mapigo ya saa ya ndani, mfano saa ya 80 MHz (mapigo milioni 80 kwa sekunde) kila pigo ni nanosekunde 12.5. Wewe unaandika namba mbili tu, isubiri mapigo mangapi na palsi ikae mapigo mangapi, halafu waya wa sensa unaingia moja kwa moja kwenye kaunta kama kianzio, baada ya hapo kompyuta hata ikigandaganda palsi inatoka kwa wakati wake.

Ila kuna mtego hapa na ndio unaowatoa watu jasho. Kaunta ikiwa bado inasubiri zile milisekunde 55 za punje ya kwanza, punje ya pili ikipita haionekani, kaunta iko bize. Kwenye mashine punje hazisubiriani, kwa hiyo kaunta iache ikimbie tu bila kusimama, sensa ikigonga unachukua namba ya kaunta wakati ule, unajumlisha ucheleweshaji, unaiweka kwenye foleni, kisha programu inampa kilinganishi (saketi inayotoa palsi kaunta ikifika namba uliyoipa) miadi inayofuata kabla haijafika. Programu inapanga, hadiwea inatimiza. Hata Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kidhibiti, inaweza hili: tumia Timer1 (kaunta yake ya biti 16), sensa kwenye pini 8, palsi itoke pini 9, gawanya saa yake ya 16 MHz kwa 64 upate pigo la maikrosekunde 4, ucheleweshaji wetu unakuwa kama 13,900. Usigawanye kwa 8, kaunta ya biti 16 itajaa kwenye milisekunde 32 hivi na hesabu zitakuchanganya.

Watu wanalalamika Uno haina kristali nzuri ya kutunza saa, ni kweli, inaweza kukosea kama asilimia 0.5, lakini kwenye milisekunde 55 hiyo ni chini ya milimita 1 maana hesabu inaanza upya kila punje. Ungekuwa unalinganisha mashine mbili kwa saa 24 hapo kosa linafika kama dakika 7, nunua kitu kingine.

Na kabla hujatoa hela soma datashiti (karatasi ya maelezo ya kifaa) mpaka sehemu ya kaunta. NI USB-6009 kwa mfano, nayo ni kifaa cha kukusanya data, ina kaunta ya biti 32 ila kazi yake ni kuhesabu tu, haitoi palsi, na wala haijafichwa, imeandikwa. Mtu anaona neno kaunta anafurahi analipa.

Mwisho valvu inayofungulia upepo. Pini haiwezi kuendesha koili ya volti 24, weka transista na dayodi ya kurudisha umeme, waya wa sensa usiulaze pamoja na waya wa mota. Halafu valvu yenyewe inachukua milisekunde kadhaa kufunguka, hiyo pima kwa osiloskopu (kifaa kinachoonyesha umeme unavyobadilika kwa muda) na sensa ya presha pale kwenye nozeli, kisha itoe kwenye zile 55.