Anayefungua ndiye afunge

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleykum. Huku Tanga hatujambo, na mguu wa shangazi yako umepungua uvimbe. Umeniuliza lipi bora la kuanzia: Land Rover mia na tisa, ile ndefu, ya yule mzee wa Muheza, au Volkswagen Beetle iliyolala Magomeni, kwa kuwa mwanao Salehe amekushikilia mfufue gari la zamani, naye hajui spana na wewe unasema umesahau yote.

Hujasahau. Na kabla ya kuuliza gari gani, niambie kwanza nani atalifunga. Kufungua kila mtu anaweza.

Unajua vile nilivyoinunua ile Land Rover yetu mnadani, ile ile iliyokuwa ikitupeleka kliniki ya mkoba Handeni, na baba yako, Mungu amrehemu, akasema nimeleta banda la kuku. Ulikuwa darasa la sita. Tuliifungua chini ya mwembe, kila nati ikaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na wewe ukiandika kwa penseli juu ya plasta: za kabureta, za dinamo, za mlango wa kushoto. Nilikukataza spana za milimita. Gari lile ni la Kiingereza, nati zake za inchi, na spana ya kumi na tatu inaingia kwenye nati ya nusu inchi karibu sawasawa, ndiyo maana inaila pembe. Mwambie Salehe hilo siku ya kwanza.

Unaikumbuka jioni ya platini, zile ncha mbili ndani ya distributa zinazoachana ili plagi itoe cheche? Mimi nilizungusha hendeli pale mbele ya bampa taratibu, wewe umeinamia distributa, mpaka platini zikaachana kabisa. Nikakupa kile kibati chembamba cha kupimia, cha inchi 0.015. Ukakipitisha ukasema, "Mama, kinagusa lakini hakibanwi." Hakuna fundi angesema vizuri zaidi. Tukachomoa plagi tukaiegemeza kwenye chuma cha injini, nikazungusha tena, cheche ya buluu ikaruka, na wewe ukapiga ukelele jirani akatoka na kanga mkononi. Wiki ile yote ulikwenda madrasa unaimba 1, 3, 4, 2, zamu ya silinda kuwaka. Mimi nimezalisha wanawake wengi katika kazi yangu, na ile jioni naiweka pamoja na zile njema.

Halafu nikaenda msibani Pangani. Niliporudi gari limefungwa, limepigwa rangi ya kijani, linanguruma uani. Ami yako alileta mafundi, akawalipa kwa hela yake. Makopo yetu yamepangwa ukutani, matupu, plasta zako bado zimebandikwa. Ulirudi shuleni, ukalizunguka, ukaingia ndani kuvua sare. Spana hukuishika tena. Watu wakaniambia nimshukuru shemeji yangu, nikamshukuru. Nilimpikia pilau.

Anayefungua ndiye afunge, Zuhura.

Nikilifikiria usiku najibishana mwenyewe. Ami yako hakuwa na nia mbaya. Masika yalikuwa mlangoni, mimi zamu za usiku haziishi, na magari mangapi yamefunguliwa kwa furaha yakabaki uani mpaka kuku wakatagia kwenye viti? Pengine na sisi tusingelifunga. Lakini lingebaki letu, hata vipande vipande. Na wale mafundi walipiga rangi juu ya kutu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu Waingereza walipoanza kuziunda mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, basi watu huona bodi haina kutu wakasahau kwamba chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, ikapata maji na chumvi ya pwani, inageuka unga mweupe. Rangi ya ami yako ilianza kuvimba mapema sana. Wewe ungeliona lile, maana ungekuwa umeshapitisha msasa kila pembe.

Sasa Baba Salehe. Namjua mkwe wangu, mkono wake mwepesi. Mtakapokwama kwenye bolti moja iliyoshikana, atawahurumia atafute gereji. Mwambie mapema hela yake inunue stendi nne madhubuti, maana gari lililo juu ya jeki peke yake mtoto haingii chini yake. Inunue spana za inchi na glavu. Kuchomelea chesisi hapo sawa, aje fundi, siwezi kushikilia neno langu mbele ya moto na gesi. Breki nazo mkishafunga wenyewe aje azikague. Azikague, asizifunge.

Jambo jingine nalisema kama muuguzi: brekishu za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Mkifungua dramu msipulize lile vumbi, si kwa mdomo si kwa kompresa. Lilowesheni, mfute kwa tambara, tambara mlifunge kwenye mfuko na kulitupa. Na mtoto asinyonye petroli kwa mpira hata mara moja.

Haya, swali lako. Beetle haina rejeta wala maji, injini yake imeshikwa na bolti nne kwenye gia boksi, watu wawili wanaishusha. Babu yako hakuchoka kusimulia ilivyoshinda mbio za magari za Safari za 1962. Ila inua kiti cha nyuma utazame chini ya betri, sakafu huoza pale. Mia na tisa ni nzito, ina kelele, lakini bolti zake ziko nje zinaonekana, bawa unalifungua bila kukata kitu, na mtoto anaona kila kinachofanya kazi na kwa nini. Nikisema zaidi utasema mama anaitafuta ile yake. Basi sisemi. Gari ni lenu.

Ila kama Jumamosi mtapita Muheza, chukua bisibisi nene, ulale chini, uchome chesisi kwa nyuma, lile boriti la mwisho, na ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Ikipenya, mzee apunguze bei sana au abaki nalo. Isipopenya, nipigie simu kabla hujampa jibu, nami nitajaribu kunyamaza.

Mama yako