Re: Udi wenye nyuzi 11 na vigingi 12

Umeuliza kama udi wako, ile ala ya muziki ya nyuzi, umepungukiwa uzi kwa kuwa una nyuzi 11 na vigingi (vya kukazia nyuzi) 12. Hapana, hakuna uzi uliopotea, usiende kununua wa kumi na mbili. Udi wengi hufungwa hivyo: jozi tano, halafu uzi mmoja mnene peke yake juu kabisa, upande wa besi, yaani sauti nzito. Kigingi cha ziada kiache kitupu. Wapo wenye nyuzi 13 pia, jozi sita na besi moja.

Kuhusu sauti, mpangilio wa Kiarabu unaotumika sana, kuanzia besi, ni Do, Fa, La, Re, Sol, Do. Waturuki hupandisha nyuzi nyingi kwa toni nzima (kama kutoka Do hadi Re), na hapo ndipo wengi hukata nyuzi, wakikaza hivyo udi mrefu wa Kiarabu: udi wa Kituruki una urefu wa uzi wa kama sm 58.5, wa Kiarabu hufika sm 61 au zaidi. Kwa hiyo pima kwanza, kutoka kwenye daraja (kipande kwenye uso wa udi ambapo nyuzi hufungwa) hadi kwenye kizingiti cha shingoni (kipande ambapo nyuzi hupita kabla ya vigingi), ndipo uchague seti ya nyuzi.

Ukianza kukaza, nyamazisha uzi mmoja wa jozi kwa kidole, upatanishe mwenzake kwanza. Nyuzi mpya zitalegea siku kadhaa, usizilaumu.