Tuuze Nyumba Wenyewe au Tumtumie Dalali?

SWALI: Mimi na mke wangu tumestaafu na tunataka kuuza nyumba tuliyoishi tangu watoto wakiwa wadogo. Dalali anadai kamisheni ya asilimia 3 ya bei. Jirani anasema hizo ni fedha za kutupa, kwani tangazo hata sisi tunaweza kulitoa. Unatushaurije? – Mstaafu

JIBU: Ndugu Mstaafu, jirani yenu hajakosea kuhusu tangazo, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Iliyo ngumu ni kupanga bei, na kumtofautisha mnunuzi mwenye fedha na mtu aliyekuja kutazama tu. Kwa hiyo, vyovyote mtakavyoamua, mlipeni kwanza mthamini aliyesajiliwa, ambaye hapati ziada yoyote nyumba ikiuzwa upesi.

Dalali yeye hunufaika nyumba ikiuzwa upesi. Kwa kamisheni mliyotajiwa, kila 100 inayopunguzwa kwenye bei huwapotezea nyinyi 97 na yeye 3 tu. Wanauchumi Steven Levitt na Chad Syverson, waliochunguza mauzo ya karibu nyumba 100,000 katika eneo la Chicago, walionyesha mwaka 2008 kwamba madalali wanapouza nyumba zao wenyewe husubiri takribani siku 10 zaidi, na hupata bei iliyo juu kwa karibu asilimia 4. Mkiwa na ripoti ya mthamini mkononi, hamtaharakishwa kukubali bei ya chini.

Hata hivyo, kwa hali yenu ningemtumia dalali. Mnunuzi hugonga kuta kwa vidole, akainua macho kwenye doa la maji darini, akanyamaza. Na mwenye nyumba, ambaye katika chumba hicho aliwalea wanawe, huona ametukanwa, akaanza kujitetea, na mara nyingi akataja punguzo kabla hajaombwa. Mtu asiye na kumbukumbu humo huongea kwa utulivu zaidi.

Mkataba wenu naye uwe wa maandishi na uwe na ukomo, kwa mfano miezi 3, kamisheni ilipwe mauzo yakishakamilika, na ielezwe wazi kama atalipwa iwapo mnunuzi atakuja kwenu moja kwa moja. Msiwape madalali wawili kazi moja bila kipengele hicho, msije mkadaiwa mara mbili.

Wakili wenu ni wa lazima katika njia zote mbili, na hati ya nyumba isitoke mikononi mwake kabla hajathibitisha kwamba malipo yameingia.