Jibu: Binti anasoma kitandani hadi usiku wa manane

Salama dada. Kwa hiyo binti ana miaka 9, taa inazimwa saa tatu, na saa nne na nusu unamkuta ndani ya chandarua na kitabu, anamulika kwa simu.

Anza na asubuhi kwanza: anaamka saa ngapi? Wataalamu wa usingizi wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku. Kama basi la shule linamwamsha saa kumi na moja na nusu, wako anapata 7 tu.

Kwangu sikukataza kitabu, nilisogeza mapema muda wa kwenda kitandani. Saa mbili mwanangu yuko kitandani, ruksa kusoma mpaka saa mbili na nusu, kwa taa ndogo ya manjano. Simu inalala sebuleni. Muda ukiisha anamaliza ukurasa, si sura, maana sura za hadithi za watoto hukatika patamu makusudi (waandishi wana roho mbaya hao). Ijumaa na Jumamosi simuulizi.

Wiki ya kwanza atanung'unika, mwache. Akiendelea kusinzia darasani hata hivyo, ongea na mwalimu wake kabla ya kulaumu vitabu.